Kwa nini binadamu ana bibi

Mwaka 1972 sokwe mzee aliyeitwa Flo alikutwa amekufa kando ya kijito katika msitu wa Gombe, Kigoma. Mwanawe wa mwisho, Flint, alikuwa na miaka minane na nusu. Kwa umri huo sokwe anajua kujitafutia matunda, kupanda mti na kujitandikia matawi ya kulalia. Flint aliyajua yote hayo, ila alikuwa bado amemng'ang'ania mama yake. Mama alipokufa, akabaki pale pale karibu na kijito, chakula hakimwingii, akadhoofu, akaugua. Hazikupita wiki nyingi naye akafa. Kaka zake na dada yake walikuwa hai humo humo msituni. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyeanza kazi yake Gombe mwaka 1960 na kuifuatilia familia hiyo kwa miaka, aliueleza ulimwengu habari za kifo hicho.

Kisa cha Flint kinaonyesha kitu ambacho sisi binadamu hatukioni, kwa kuwa tumekizoea mno. Mtoto wa sokwe ana mtu mmoja tu wa kumtegemea. Mama sokwe hamwachii mwingine kichanga chake, hata binti yake mkubwa akinyoosha mkono kuomba kumbeba. Anamnyonyesha, anambeba, analala naye, na hapati ujauzito mwingine mpaka huyu aweze kujimudu. Ndiyo maana sokwe huzaa mara moja katika miaka mitano au sita.

Sasa mtazame binadamu. Mtoto wetu ni mzigo mzito kuliko wa sokwe kwa kila kipimo. Anazaliwa shingo haijakaza. Akifika miaka mitano, ubongo wake peke yake unakula karibu asilimia 43 ya nishati yote ambayo mwili wake unatumia. Akifika miaka kumi bado analishwa. Kwa hesabu ya kawaida, kiumbe mwenye mtoto wa gharama kubwa kiasi hicho angepaswa kuzaa kwa nafasi ndefu kuliko sokwe, labda mara moja katika miaka minane. Kumbe wanawake wa jamii zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya huzaa kila baada ya miaka mitatu au minne. Yaani mama anaye mmoja mgongoni, mwingine amemshika kanga, na wa tatu ndiyo kwanza anaota meno ya utu uzima, na wote watatu wanataka kula.

Mkono mmoja haulei mwana. Wahenga walilisema kama wosia, lakini biolojia inalichukua kama ukweli wa kimaumbile: mkono wa pili ulikuwepo tangu zamani sana, la sivyo tusingekuwepo. Swali lililowashughulisha wataalamu wa mageuko kwa zaidi ya nusu karne ni mkono huo ulikuwa wa nani.

Dalili moja imo ndani ya mwili wa mwanamke. Akifika miaka 50 hivi, hedhi inakoma. Hilo si la ajabu sana, kwa sababu mayai ya sokwe jike nayo huishia umri unaokaribiana na huo. La ajabu ni kinachofuata. Sokwe jike wa kawaida anapofika hapo mwili wote umekwisha chakaa, meno yamelika, na wengi wao hufa kabla ya miaka 45. Mwanamke yeye anakoma kuzaa huku moyo, mapafu, misuli na akili vikiwa bado na miaka 20 au zaidi ya kazi.

Watu husema, "Hayo ni ya siku hizi, zamani watu walikufa na miaka 35." Huo ni mkanganyiko, na inafaa tuutatue. Wastani wa umri katika jamii zisizo na hospitali uko chini kwa sababu watoto wengi mno hufa wachanga, na vifo vyao huushusha wastani wa wote. Michael Gurven na Hillard Kaplan walikusanya takwimu za jamii za wawindaji na wakulima wadogo, wakazichapisha mwaka 2007. Walikuta kwamba aliyevuka utoto na kufika miaka 45 alikuwa na matumaini ya kuishi miaka 20 mingine hivi, na umri ambao watu wazima wengi walifia ulikuwa karibu na 70. Vikongwe walikuwepo kabla ya penisilini.

Kwa nini basi uteuzi asilia uutunze mwili usiozaa? Kanuni ya Darwin, kwa maneno ya nyumbani, inasema sifa inayokusaidia kuacha uzao mwingi ndiyo inayoenea, na isiyosaidia hufifia vizazi kwa vizazi. Mwaka 1957 mwanabiolojia George Williams alipendekeza kwamba huenda mama anayeacha mapema kuzaa hupata nafasi ya kuwakuza aliokwisha wazaa. Wazo lilikuwa zuri, ila lilikosa nyama. Nyama hiyo ilipatikana Tanzania, na ilikuwa mizizi.

Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa nchi, wanaishi Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei, ambao sehemu yao bado wanaishi kwa kuwinda kwa upinde, kuchuma matunda pori na mabuyu, kurina asali na kuchimba mizizi. Lazima niseme jambo hapa, maana limekosewa mara nyingi: Wahadzabe si mabaki ya watu wa kale. Ni Watanzania wa leo wanaoishi jirani na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, wanaogombania ardhi na wafugaji na wakulima, wanaojua Kiswahili. Maisha yao hayatuonyeshi mababu zetu walikuwaje. Yanatuonyesha hesabu ya kulea inavyokuwa pale ambapo duka halipo na kila kinacholiwa kinatoka porini siku hiyo hiyo.

Katikati ya miaka ya 1980, watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa nao, wakawa wanaandika nani amekwenda kuchimba, saa ngapi, amerudi na nini, kisha wanawapima watoto uzito. Kuna mzizi mmoja unaopendwa uitwao //ekwa, ambao jina lake huanza na kidoko, sauti ya kugonga ulimi kinywani, kama maneno mengi ya Kihadzabe. Hukaa chini sana, mara nyingi umebanwa katikati ya mawe. Mwanamke anapiga magoti au anaketi chini, anachoma udongo kwa mti uliochongwa ncha na kukaushwa motoni, anang'oa jiwe, anachoma tena, anang'oa lingine, mpaka amelala ubavu na mkono umezama hadi begani. Mzizi ukitoka huchomwa motoni kidogo, humenywa, hutafunwa kupata maji na wanga wake, na nyuzi zilizobaki hutemwa. Mtoto wa miaka mitano wa Kihadzabe anaweza kuchuma matunda ya vichakani na kupasua buyu. Shimo la namna hii halimudu. Asipochimbiwa, mzizi haupati.

Waliochimba muda mrefu kuliko wote walikuwa bibi, wanawake wa miaka 50, 60 na kuendelea. Walitoka pamoja na binti zao na kubaki juani wakati wasichana wenye nguvu zaidi wamepumzika. Kisha likaja jambo lililobadilisha mjadala. Katika siku za kawaida, mtoto aliongezeka uzito kulingana na jinsi mama yake alivyochimba. Lakini mama akijifungua mwingine na kukaa na kichanga, uhusiano huo ulipotea. Uzito wa yule mkubwa ukaanza kufuata kazi ya bibi. Bibi alikuwa ameingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi, na ushahidi ulikuwa kwenye mizani.

Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia ya bibi. Mjukuu amebeba robo ya vinasaba vya bibi yake. Mwanamke mwenye nguvu za uzeeni anapowalisha wajukuu, binti yake anaweza kumwachisha mtoto ziwa mapema na kuzaa tena upesi, na wajukuu wengi wanaopona wanabeba ndani yao ile ile sifa ya kudumu na nguvu. Vizazi maelfu vikipita, umri wa binadamu unarefuka. Kwa mujibu wa Hawkes, kuzaa hakukufupishwa. Kuzaa kulibaki pale pale kulipokuwa tangu enzi za mababu tuliochangia na sokwe, maisha ndiyo yaliyovutwa mbele.

Baada ya hapo watu wakaanza kumtafuta bibi kwenye madaftari mengine. Rebecca Sear na Ruth Mace walitumia kumbukumbu ambazo daktari Ian McGregor alizikusanya katika vijiji vya Gambia kuanzia 1950 hadi 1974. Mtoto aliyekuwa na bibi mzaa mama aliye hai alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona katika umri wa kuachishwa ziwa, ule umri hatari wa kuhara na homa. Kuwepo au kutokuwepo kwa baba hakukuleta tofauti ya kupimika katika takwimu hizo. Mirkka Lahdenperä na wenzake nao walifungua vitabu vya makanisa ya Finland na Kanada vya karne za 18 na 19, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba kila miaka kumi ambayo mwanamke aliishi baada ya kutimiza 50 ilikwenda pamoja na wajukuu wawili zaidi.

Nadharia hii haijapita bila kupingwa. Wapo wanaosema nyama ya wawindaji na chakula kutoka kwa wanaume kilichangia kuliko inavyokubaliwa, na Wahadzabe wenyewe hugawana nyama kambi nzima. Halafu mwaka 2023 ikatoka habari kutoka Uganda. Katika msitu wa Kibale, kwenye kundi la sokwe wa Ngogo, Brian Wood na wenzake walikuta majike wanaofika umri wa kukoma kuzaa na kuendelea kuishi miaka mingi. Wana chakula kingi na chui ni adimu kwao. Lakini binti wa sokwe akipevuka kwa kawaida huhamia kundi lingine, kwa hiyo majike hao wazee hawaonekani wakilea watoto wa binti zao. Kwangu mimi habari hiyo inaifanya nadharia iwe ya kweli zaidi, kwa sababu inatenganisha mambo mawili tuliyokuwa tumeyafunga pamoja. Mwili unaweza kupewa miaka ya ziada na mazingira mema. Kumgeuza mwenye miaka hiyo awe bibi kunahitaji ukoo unaokaa pamoja, yaani kunahitaji jamii.

Na hapa ndipo biolojia inapoingia ndani ya nyumba zetu. Mdogo wetu wa mwisho alipozaliwa, bibi mzaa mama alishuka kwenye basi na kikapu cha ndizi na pilipili manga. Akahamia chumba cha mama mpaka arobaini ikapita. Alimkanda mama kwa maji ya moto, alimwogesha mtoto akiwa amenyoosha miguu sakafuni na kumlaza juu ya mapaja, na usiku kichanga kikilia, sauti ya kwanza tuliyoisikia ilikuwa yake. Nilikuwa nadhani bibi halali kabisa. Miaka mingi baadaye nikasoma utafiti wa David Samson na wenzake, wa mwaka 2017, uliofanyika Eyasi. Watu wazima 33 wa kambi moja walivaa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18 ukijumlishwa. Kila wakati kulikuwa na mtu macho, na sababu kubwa ilikuwa tofauti ya umri: vijana huchelewa kulala, wazee huwahi kuamka. Watafiti wanaona kwamba usingizi mwepesi wa mzee, ambao leo tunaupeleka kwa daktari kama ugonjwa, huenda uliwahi kuwa ulinzi wa kambi.

Mtoto naye ameumbwa kwa ajili ya mikono mingi. Katika msitu wa Ituri, Kongo, Edward Tronick, Gilda Morelli na wenzao waliwafuatilia watoto wa Waefe katika miaka ya 1980, wakakuta kichanga kikipita mikononi mwa watu wengi, hata kunyonyeshwa na wanawake wengine. Mwanaanthropolojia Sarah Blaffer Hrdy anaona chimbuko la utu wetu liko hapo. Mtoto wa sokwe hana haja ya kumbembeleza mtu, mama yuko. Mtoto wa binadamu lazima asome nyuso: huyu ana moyo, yule amechoka, nikitabasamu atanibeba. Waliofaulu kusoma nyuso ndio waliolishwa. Uwezo wa kuhisi mwenzako anawaza nini, ambao juu yake tumejenga lugha, biashara na ibada, huenda ulianza kama mbinu ya kichanga kupata wa kumbeba.

Najua mahali ambapo wengine wanataka kuipeleka hoja hii. "Basi sayansi imethibitisha, kulea ni kazi ya wanawake, mwanamume hakuumbiwa." Nimelisikia barazani na kwenye vikao vya harusi, na linanikera kwa sababu Eyasi hiyo hiyo inalikanusha. Jirani na Wahadzabe wanaishi Wadatoga, ambao ni wafugaji. Baba wa Kihadzabe hukaa na mtoto, humbeba, humchezea. Kwa Wadatoga wa jadi, kichanga ni mambo ya wanawake, na baba hula na kulala kando. Mwaka 2009 Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao walipima mate ya wanaume wa pande zote mbili kutafuta testosteroni, yaani homoni ya kiume. Wahadzabe wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wenzao wasio na watoto. Kwa Wadatoga, mwenye watoto na asiye na watoto hawakutofautiana. Matokeo kama hayo yalipatikana Ufilipino: Lee Gettler na wenzake waliwafuatilia wanaume 624 wa Cebu tangu wakiwa vijana, na mwaka 2011 wakaripoti kwamba homoni hiyo hushuka kwa wanaopata watoto, na viwango vya chini kabisa vilikuwa vya wale wanaotumia saa tatu au zaidi kwa siku kulea.

Tafakari maana yake. Mila imeingia mpaka kwenye mate. Mwili wa mwanamume haujaandikwa "mlezi" wala "si mlezi". Umepewa uwezo wa kubadilika kulingana na anachokifanya, na anachokifanya kinategemea jamii yake inamruhusu nini. Anayesema maumbile yameamua amekosea, na anayesema maumbile hayahusiki naye amekosea. Maumbile yametupa mtoto asiyeweza kulelewa na mtu mmoja. Nani aongezeke, ni juu yetu.

Wanasiasa wanaopanga bajeti wangefaidika kulijua hili. Afrika Kusini ilipopanua pensheni ya uzeeni kwa raia weusi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchumi Esther Duflo alichunguza nyumba ambamo wazee walikaa na wajukuu. Pesa zilipoingia mkononi mwa bibi, wajukuu wa kike walikua vizuri zaidi, kwa urefu na kwa uzito. Zilipoingia kwa babu, tofauti hiyo haikuonekana. Zanzibar ilianza pensheni jamii kwa wote wenye miaka 70 na zaidi mwezi Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya ina mpango wa Inua Jamii unaowalipa wazee. Huwa tunaziita fedha hizo msaada kwa wazee, kumbe ni za wajukuu pia. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983, bibi ndio waliobaki na mayatima kizazi kizima kilipokatwa katikati, na hakuna aliyewalipa mshahara wa ulezi.

Mjini hali imegeuka. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku tatu. Siku ya 85 mama anarudi ofisini na kichanga cha miezi mitatu kinabaki. Bibi yuko Singida au Lushoto, chumba cha kupanga hakimtoshi, na baadhi ya bibi wenyewe bado wana ajira. Kwa hiyo tunamtafuta msichana. Hatumwiti mfanyakazi, tunamwita dada, kwa sababu lugha yetu inajua kwamba mtoto anahitaji ndugu na inamwundia ndugu pale asipokuwepo. Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Anajua mtoto analia njaa au analia tumbo kabla ya mama kujua. Mshahara wake wengi wetu tunaona aibu kuutaja.

Mwulize siku moja, akiwa anapepeta mchele na mtoto wako amemlaza mgongoni, kama naye ana mtoto. Mara nyingi atasema anaye, ana miaka miwili, yuko kijijini. Mwulize anakaa na nani.

"Nimemwacha kwa bibi yake."